Tutakupigia

Mwaka 2015 simu yangu ilikuwa inakaa dirishani. Chumba nilichopewa na dada na shemeji pale Tabata kilikuwa upande wa nyuma, mtandao unafika kwa shida, ila ukiisogeza simu hadi kona ya kushoto ya dirisha, ikagusa nondo, vinasimama vimistari viwili. Hapo ndipo ilipokaa wiki saba. Nikienda kuoga namwachia mpwa wangu, aliyekuwa darasa la pili, na maagizo yake: ikiita pokea, sema "subiri kidogo, mjomba anakuja," halafu kimbia. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Siku moja akaja mbio kugonga mlango wa bafu, nikatoka na povu kichwani, nikasikiliza, kumbe ni sauti ya kurekodi inanadi kifurushi cha wiki. Mtoto akaniangalia usoni.

"Mjomba, siyo wao?"

Nikamwambia siyo wao.

"Wao" ilikuwa kampuni moja ya uwakala wa forodha, ofisi zake mjini, si mbali na bandari. Nilikuwa nimemaliza Mzumbe mwaka uliotangulia, shahada ya ununuzi na ugavi, na hadi siku waliponiita nilikuwa nimeshapeleka maombi sehemu 31. Idadi naijua kwa sababu nilikuwa naandika kwenye daftari: tarehe, ofisi, nafasi niliyoomba, na safu ya mwisho niliyoipa kichwa "Jibu". Safu hiyo ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini. Kila bahasha ya kaki iliyotoka mkononi mwangu ilikuwa na barua, wasifu, kopi ya cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo, zote zimegongwa muhuri wa wakili. Hela ya kopi na muhuri ilikuwa ya dada. Nauli pia.

Usaili ulikuwa siku ya Alhamisi. Tulikuwa sita kwenye benchi la mapokezi. Mimi niliingia wa nne, nikakaa ndani kama dakika 40. Waliniuliza mzigo unatokaje bandarini, nikaeleza hatua kwa hatua, kuanzia nyaraka za meli hadi lori linapovuka geti. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni akawa anatikisa kichwa kukubali. Mwishoni mama aliyekaa katikati akafunga faili, akauliza, "Tukikupa hii nafasi, unaweza kuanza lini?" Nikasema hata Jumatatu. Akatabasamu. "Haya mdogo wangu. Ndani ya wiki mbili tutakupigia."

Hawakupiga. Na mimi nataka kueleza wiki zile zilivyokwenda, kwa sababu watu wengi wanaotafuta kazi wanapita humo humo wakidhani ni wao peke yao, na wengi wanaotoa kazi hawajui wanachomfanyia mtu wanaponyamaza.

Kukosa kazi nilikuwa nimeshajiandaa nako. Mtu akishatuma bahasha 31 anajua hesabu yake. Ambacho sikukitarajia ni jinsi neno "tutakupigia" linavyoweza kumfunga mtu mzima miguu.

Wiki ile ile ya usaili, rafiki wa shemeji mwenye mashine ya kukoboa mpunga Kahama alikuwa anatafuta kijana wa kumshikia vitabu vya stoo. Shilingi 250,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu yake. Alitaka niende Jumatatu. Nikamwomba anivumilie wiki mbili, akanivumilia. Zilipoisha nikamwomba moja zaidi, akaniambia kwa upole kabisa, "Kijana, mpunga haungoji." Akampa mtu mwingine.

Wiki ya nne mama alipata tarehe ya upasuaji wa jicho pale Bugando. Anatakiwa awe na mtu wa kumshika mkono kwenda na kurudi, na mimi ndiye mtoto wa kwanza, sina kazi, sina mtoto. Kila mtu nyumbani alijua ni zamu yangu. Nikampigia. "Mama, kuna watu wa kazi nawasubiri, wakinipigia niko Mwanza nitawaambia nini?" Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa baba, usije ukakosa kazi kwa ajili yangu." Mdogo wangu wa kike, kidato cha tatu, akakosa masomo siku nne kumsindikiza. Simu ile haikuita siku hizo nne. Haikuita na baada ya hapo.

Hilo ndilo ninalowadai. Kazi yao wangempa waliyempenda, ni haki yao. Ila wangeniambia hapana siku ya 14, ningekuwa Kahama, au ningekuwa kwenye korido ya hospitali nimeshika mkoba wa mama.

Nilifuatilia, sikukaa tu. Wiki ya tatu nilipiga mapokezi nikaambiwa bado wako kwenye mchakato. Wiki ya tano mhusika amesafiri. Wiki ya saba nikapanda daladala hadi Posta, nikatembea hadi pale ofisini na shati lile lile la usaili. Mlinzi alinikumbuka. Mzee wa makamo, shikamoo yangu aliipokea vizuri, akanivutia kiti chake cha plastiki kwenye kivuli, akaniuliza nimekuja kumwona nani. Nilipomweleza akatazama ndani, akatazama chini, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa taarifa ya msiba: "Mwanangu, mwenzenu alishaanza kazi. Mwezi na kitu sasa. Yule mrefu wa shati la bluu."

Shati la bluu nilimkumbuka. Aliingia kabla yangu. Nilipoanza kumwomba yule wa mpunga wiki ya ziada, huenda mwenzangu alikuwa tayari anafundishwa kazi.

Nikamshukuru mlinzi. Hadi leo namwona ndiye mtu pekee wa ofisi ile aliyenijibu. Nilirudi Tabata, nikafungua daftari, nikaandika kwenye safu: "Hapana". Usiku ule nililala usingizi mzito, na wiki iliyofuata niliomba sehemu tatu.

Kuna sentensi inayokaa mwishoni mwa matangazo mengi ya kazi hapa kwetu: watakaokidhi vigezo tu ndio watakaojulishwa. Wengine huongeza kwamba usiposikia lolote ndani ya muda fulani, ujue hukufanikiwa. Ile ya pili naiheshimu. Ina tarehe. Mtu anaizungushia duara kwenye kalenda, siku ikipita anaendelea na maisha yake. Ile ya kwanza haina mwisho. Mwezi mmoja unaweza kuwa umekosa, unaweza kuwa hujafikiwa. Na kibaya zaidi ni hiki cha mtu kukutazama usoni, akakutajia wiki mbili kwa mdomo wake, halafu akapotea. Huyo hana sababu ya wingi wa maombi. Tulikuwa sita. Simu tano tu.

Wingi wa maombi ni kweli upo, sikatai. Wa rika langu wanakumbuka Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipowasaili watu zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70 Uwanja wa Taifa, kwa sababu hapakuwa na ukumbi wa kuwatosha. Picha za vijana wamejaza viti vya uwanja kama siku ya Simba na Yanga zilizunguka kila mahali. Wenzangu wawili wa chuo walikuwa jukwaani mle, kalamu mkononi.

Lakini angalia ajira za serikali zinavyokwenda kupitia Sekretarieti ya Ajira. Mtu anaingia kwenye mfumo, anaomba, halafu siku moja, mara nyingi usiku, linatoka tangazo la kuitwa kwenye usaili. Magrupu ya WhatsApp yanawaka. Unapakua faili la kurasa nyingi kwenye simu yenye kioo kidogo, bando linakaribia kukata, unateremsha majina kwa kidole gumba huku moyo unakudunda. Kisha usaili wa mchujo, na ukivuka unakwenda wa mahojiano. Na katika matangazo hayo kuna aya ambayo wengi wetu tunaijua: kwamba ambao hawakuona majina yao watambue hawakuchaguliwa, na wasisite kuomba tena nafasi zikitangazwa. Ni maneno makavu. Ukiyasoma saa nne usiku jina lako halipo, yanauma. Ila ni jibu, na wanaoshughulika na maelfu wanalitoa. Mwenye watu sita anashindwaje?

Nimekaa upande wa pili sasa, kwa hiyo naweza kusema kidogo wanashindwaje.

Tangu 2019 nipo kwenye kampuni ya usambazaji wa vifaa vya ujenzi, ya kati, si kubwa. Niliingia kama afisa ugavi, na kwa kuwa hatuna idara ya rasilimali watu ya maana, masuala ya kuajiri yakaniangukia. Mwaka wangu wa kwanza niliona jinsi kimya kinavyotengenezwa. Mara nyingi hakuna mtu aliyekaa akaamua "hawa tusiwajibu". Bosi anasafiri kabla hajasaini. Fedha iliyotengwa kwa nafasi ile inapelekwa kwenye matengenezo ya lori. Kuna tangazo linalotolewa kutimiza utaratibu tu wakati mtu mwenye kimemo ameshapatikana, na hapo aliyebeba zile bahasha nyingine anaona aibu kumpigia mtu. Mara ya kwanza nilipokuwepo kwenye kikao cha namna hiyo nilinyamaza. Sikukaa kimya mara ya pili.

Halafu kuna akiba. Hili watafutaji wengi hawalijui. Mkishamchagua wa kwanza, mnamweka wa pili pembeni, maana wa kwanza anaweza kupata pengine, anaweza kushindwa kipindi cha majaribio. Mkimwambia wa pili "hapana" mnaogopa kumpoteza. Kwa hiyo hamumwambii kitu. Miezi mitatu, minne, wa kwanza anathibitishwa kazini, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu aliachwa anasubiri. Nina hakika kabisa kwamba kuna watu wamekataa kazi nyingine wakiwa kwenye akiba ya mtu bila kujua. Ningekuwa mimi ningependa kuambiwa wazi: umekuwa wa pili, tutakupa jibu la mwisho tarehe fulani, ukipata kitu kingine chukua. Siku hizi ndivyo ninavyofanya, na hakuna aliyewahi kunikasirikia.

Mwaka jana tulikuwa tunahamisha stoo. Nyuma ya marundo ya vigae nikakuta boksi la karatasi limelowa upande mmoja. Ndani yalikuwa maombi ya kazi ya miaka sita, saba nyuma, kabla sijafika. Nikakaa chini pale sakafuni nikaanza kuyatoa. Bahasha moja haikuwa hata imefunguliwa. Nyingine ilikuwa na barua ya mkono, mwandiko mzuri wa mtu aliyeandika taratibu asikosee, mstari wa mwisho unasema "niko tayari kwa usaili siku yoyote na saa yoyote mtakayoona inafaa." Picha ya pasipoti ya binti mwenye nywele za kusuka ilikuwa imeshikizwa kwa pini, pini imeota kutu, kutu imeshuka shingoni kwenye picha. Na vyeti: matokeo ya mtu, tarehe yake ya kuzaliwa, majina ya wazazi wake, namba ya simu, vyote viko kwenye boksi ambalo fundi yeyote angeweza kulibeba akafungie vitumbua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na msingi wake mmoja ni kwamba taarifa za mtu zisikae kwako muda mrefu kuliko zinavyohitajika. Tukazichoma vizuri, mimi na msaidizi wangu. Ila yule binti wa siku yoyote na saa yoyote sijamsahau.

Kuhusu kujibu, sheria yetu haisemi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda mwombaji kazi asibaguliwe, inamhesabu kama mfanyakazi kwa jambo hilo, lakini haimlazimishi mwajiri kumwambia matokeo. Wenzetu wa jimbo la Ontario, Kanada, wamefika huko. Tangu 1 Januari 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi aliyetangaza nafasi hadharani na kumsaili mtu anatakiwa, ndani ya siku 45 baada ya usaili, amjulishe kama uamuzi wa kuajiri umefanyika. Siku 45 si chache, na haimlazimishi kutoa sababu. Hata hivyo niliposoma habari hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Nilihesabu: siku ya 45 ningekuwa ndio kwanza naingia wiki ya saba. Pengine barua ingenikuta kabla sijapanda daladala ile ya Posta.

Na kuna watu wanaokula kutokana na kimya hiki, lazima niwataje. Jirani yetu wa Tabata, binti aliyesomea uhasibu, alifanya usaili mahali, akasubiri mwezi. Siku moja akapigiwa na mwanaume mwenye lugha ya kiofisi, anajua nafasi aliyoomba, akamwambia amepita, atume 80,000 ya vipimo vya afya na kitambulisho ili jina liingie kabla ya saa kumi. Alituma. Wengi wakisikia habari kama hii husema watu hawana akili. Akili anayo. Amesubiri mwezi mzima sauti ya mtu imwambie chochote, na sauti ya kwanza kumfikia ikawa ya tapeli. Kama ile ofisi ingekuwa imeshamwambia hapana, yule mwizi angepata wapi pa kuanzia? Basi nakuomba, wewe unayesoma hili ukiwa unasubiri: mwajiri halali hakuombi hela ili akuajiri. Kata simu, nenda ofisini kwa miguu yako.

Jambo jingine ninalowaambia wadogo zangu wanaokwenda usaili ni kuuliza swali moja kabla hawajanyanyuka kwenye kiti. Wengi wanauliza "mtanijulisha lini?" Uliza pia, kwa adabu, "na nisipochaguliwa, nitajuaje?" Nimewahi kuulizwa hivyo na kijana mmoja, nikajikuta naitoa kalamu na kuandika tarehe mbele yake. Likishasemwa hadharani, ni vigumu kulikwepa.

Mwezi Februari tulitangaza nafasi ya afisa ugavi msaidizi. Nafasi moja, maombi 386. Tulipomaliza nilimwomba bosi ruhusa ya kutuma ujumbe wa simu kwa wote walioachwa, kwa mfumo wa kutuma kwa pamoja. Aliuliza bei. Ilikuwa haifiki 20,000. Akasema tuma. Niliandika hivi: "Habari. Tumepokea na kusoma maombi yako ya nafasi ya Afisa Ugavi Msaidizi. Nafasi imepata mtu. Tunakushukuru kwa muda na gharama zako." Hilo neno la gharama nililifuta mara mbili, nikalirudisha. Kopi, muhuri, nauli, nazikumbuka.

Majibu yalianza kuingia kabla sijainuka kitini, maana niliweka namba ya simu ya ofisi. Wengi "asante kwa taarifa". Mmoja aliandika kwamba ni mara yake ya kwanza kujibiwa tangu amalize chuo. Mwingine: "Asante, basi kesho nasafiri kwenda shamba Kilombero."

Saa moja jioni simu ikaita. Kijana, sauti tulivu, akanisalimia vizuri, akashukuru, halafu akasema, "Kaka, samahani, naomba niulize. Nilikosea wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe hadi kesho.

Asubuhi nililitafuta jina lake. Wasifu mzuri, uzoefu wa miaka miwili, barua imenyooka. Tangazo letu lilitaka kopi ya cheti cha usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na kwenye viambatisho vyake haikuwepo, akawa ametoka kwenye mchujo wa kwanza kabisa. Nikampigia nikamweleza. Akanyamaza, nikasikia kiti kinasogezwa, nyayo, halafu akarudi kwenye simu.

"Ninacho," akasema. "Kipo hapa ukutani, mama alikitia fremu."